Matone ya Siku ya Kliniki

Swali lenu nimelipata. Mmeliandika kama mnavyoandika siku hizi, maneno nusu nusu, lakini miwani yangu ni mizuri na nimelisoma lote: "Bibi, eti vidonge vya kushusha kolesteroli vinazuia presha ya macho isiendelee? Mwalimu katupa kazi." Kwanza marahaba. Shikamoo hamkuiandika, lakini nimeichukua mwenyewe. Nilikuwa muuguzi wa macho hapa Mwanza mpaka mgongo ukagoma, na hilo swali mnalodhani limezaliwa jana nililishika kwa mikono yangu hii miaka ya tisini, kabla baadhi ya walimu wenu hawajaota meno. Tena nililijibu vibaya. Nitawasimulia nilivyokosea, na mkifika mwisho mtajua la kumwandikia mwalimu.

Kwa mvivu anayetaka jibu la mstari mmoja: haijulikani kwa uhakika. Mabingwa bado wanabishana, wapo wanaosema vinasaidia kidogo, wapo wanaosema havina lolote kwa jicho. Haya, mvivu anaweza kwenda. Wengine tubaki.

Kliniki yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali, jina silitaji kwa sababu waliokuwepo wanaijua na wasiokuwepo haiwasaidii. Benchi nje, kitanda ndani, na mimi. Nasema bila kuona haya: kuanzia Magu nilikozaliwa mpaka ng'ambo ya Sengerema, hakuna mkono uliopima presha za macho nyingi kuliko wangu. Anayebisha aje nyumbani Nyakato, nitamkaribisha chai na tutabishana.

Wauguzi wenzangu wanapenda kutibu mtoto wa jicho, kwa sababu mtu anaingia haoni, anatoka anaona, watu wanapiga vigelegele. Presha ya macho haina vigelegele. Haiumi, haiwashi. Inakula uoni kutoka pembeni ikija katikati, polepole, na anayeliwa anaendelea kusoma gazeti na kuchomeka uzi kwenye sindano akijiona mzima. Kilicholiwa hakirudi. Kazi yetu yote ilikuwa kulinda kilichobaki, na mtu huwezi kumpigia vigelegele kwa sababu mwaka huu anaona sawasawa na mwaka jana. Mimi nilivipiga kimoyomoyo, na nilivipiga vingi.

Kipimo chetu kilikuwa kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, chini kina mguu mdogo wa mviringo, juu kina sindano. Mgonjwa analala chali, unamtia tone la ganzi, unamwambia anyooshe mkono juu na akodolee kidole gumba chake mwenyewe. Kisha unauweka ule mguu katikati ya kioo cha jicho, taratibu, kama unavyomvisha mtoto mchanga kofia. Sindano inasogea. Na hapo ndipo penye mtego: sindano ikienda mbali, jicho ni laini, presha iko chini. Ikibaki karibu na sifuri, jicho ni gumu, presha iko juu. Ni kinyume cha mizani zote. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, nimekulia kwenye mizani ya chama cha ushirika, nikasoma nilivyozoea. Wiki yangu ya kwanza nilimpongeza mzee mmoja mwenye jicho gumu kama goroli, nikamwambia hana kitu, akalime. Dakta Bwire alimdaka akiwa mlangoni.

Dakta Bwire ndiye aliyekuwa mkuu wa kliniki. Mjita, mtu wa maneno machache, koti lake jeupe lilikuwa na mfuko mmoja tu mzima. Hakunifokea. Alimlaza mzee tena, akanishika kidole, akakibonyeza kwenye jicho langu mwenyewe lililofumbwa, halafu kwenye la mzee. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Basi kidude kikikwambia tofauti na kidole, usiamini hata kimoja. Uliza tena."

Mengine alinifundisha hivyo hivyo, kidogo kidogo. Mlegeze mgonjwa tai na kola, maana shingo iliyobanwa inapandisha presha. Asizuie pumzi. Na unapomfumbua kope, shika mfupa, usishike jicho. Nilipokuwa mgeni nilikuwa napata presha za kutisha kwa kila mtu, mpaka akaniambia, "Sista Kabula, vidole vyako ndivyo vyenye presha." Najua siku hizi mna mashine inayopuliza upepo. Ni nzuri. Lakini nayo haijui kama mtu amebanwa kola.

Presha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ramani, yaani mtu anaona mpaka wapi. Tulikuwa na kitambaa cheusi cha kupimia hilo, kilichokuja na wafadhili zamani, mpaka panya wakakitafuna katikati. Kuomba kingine ilikuwa kuandika barua na kuzeeka. Nikaenda sokoni nikanunua kaniki. Ndiyo, kaniki hii hii ya bibi zenu. Nikaunga mbili, nikazipiga pasi ya mkaa, nikaitundika ukutani na katikati nikashona kifungo cheupe cha shati. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaipaka rangi nyeusi, nchani nikabandika ushanga mweupe. Mgonjwa anakaa hatua moja kubwa kutoka ukutani, jicho moja limezibwa, jingine linatazama kifungo bila kuhama. Mimi nauleta ushanga kutoka pembeni, na anapouona anasema "nimeona." Hapo nachomeka pini nyeusi. Ukimaliza kuzunguka, pini zinakuonyesha mpaka wa dunia ya mtu huyo, nawe unaunakili kwenye karatasi.

Bibi mmoja wa kwetu Magu alipoiona alisimama mlangoni akagoma kuingia. "Sista," akasema, "Jumatatu nilikuwa kwa mganga. Naye alikuwa na kaniki, naye alikuwa na ushanga. Tofauti yenu ni nini?" Nikamjibu, "Mimi siombi kuku." Akacheka mpaka akakaa.

Sasa niwape siri ya kaniki, maana nayo ina uhusiano na swali lenu. Kila jicho la binadamu, hata hilo unalosomea, lina doa moja lisiloona kabisa. Liko upande wa sikio, kama shubiri moja na vidole vitatu kutoka kwenye kifungo kwa umbali ule wetu. Nikiupitisha ushanga hapo lazima upotee. Mgonjwa akiniambia "naona, naona," najua jicho lake linatembea, halitulii kwenye kifungo, na ramani yake ni ya uongo. "Baba, macho yako yanatembea," namwambia, naye anashtuka nimejuaje. Kwa hilo wakaniita mchawi, na jina nililipenda.

Wakati huo ndio soko huria lilikuwa linaingia kwa miguu yote miwili. Zamani dawa ya matone ilikuja hospitali katika kasha, ikiisha imeisha, mgonjwa anarudi kwao kusubiri. Ghafla maduka ya dawa yakaota Kirumba kila kona. Chupa za matone zikapangwa dirishani zikiota jua, na anayeziuza jana alikuwa anauza betri. Viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa, mapanki, yaani mifupa inayobaki, wakaachiwa maskini, na wenye bahati wakapata, wakanenepa. Kwa mara ya kwanza tukaanza kusikia neno kolesteroli kwa mtu aliyekaa kwenye benchi letu.

Mtu huyo alikuwa Ma Koku. Kokubelwa ndilo jina lake kamili, Mhaya, mjane, muuza dagaa wa jumla pale soko la Mwaloni. Alikuja kwetu jicho la kushoto limeshakufa. La kulia ndilo lililobaki, nalo ramani yake ilikuwa imeliwa sehemu ya juu. Kila alfajiri alipanda ubao kutoka ufukweni kuingia mtumbwini kuchagua dagaa kwa mkono. "Asiyepanda ubao mwenyewe huuziwa mchanga," alisema. Watoto watano aliwasomesha kwa ubao ule. Kama jicho la kulia lingezimika, basi ubao umekwisha, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba akishindwa kupanda ubao tusimhesabu.

Tukampa matone, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake, baada ya kuhakikisha hana pumu, maana dawa ile na pumu ni maadui. Miezi ya mwanzo presha yake ilipanda na kushuka. Siku moja nikaikuta juu sana, nami nilikuwa nimechoka, benchi limejaa. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Ma Koku, unataka upofu kwa uvivu wa kuinua chupa?" Benchi likacheka. Yeye hakucheka. Alifunga kitenge chake vizuri akaondoka.

Mwezi huo huo mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Ulaya, alikuja likizo. Akampeleka Nairobi kupimwa mwili mzima, wakakuta damu ina mafuta mengi, wakamwandikia vidonge vipya ambavyo hapa kwetu hata kwenye kitabu vilikuwa havijafika. Akaniletea nivione. Na nilipompima siku hiyo, sindano ilikwenda mbali, ikasimama mahali pazuri kabisa. Kliniki iliyofuata hivyo hivyo. Iliyofuata tena hivyo hivyo.

Nikamwambia, tena kwa furaha, "Ma, hivi vidonge vimekusaidia jicho. Endelea navyo." Nimesema maneno mengi katika kazi yangu, lakini hayo ndiyo ningelipa chochote niyarudishe.

Nikaanza daftari. Kila mgonjwa wa presha niliyemjua anameza vidonge vile au vingine vya jamii hiyo nilimwandika upande mmoja, wasiomeza upande wa pili. Waliomeza walikuwa wachache, hata benchi wasingejaza, lakini macho yao yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko ya wengine. Nikajiona mgunduzi. Nisiwafiche, nilishaanza kuchagua gauni nitakalovaa gazetini.

Nikampelekea Dakta Bwire. Akalisoma daftari akiwa amesimama, akarudi mwanzo akalisoma tena.

"Hawa wanaomeza ni akina nani?"

"Meneja mmoja wa kiwanda, mke wa mwenzake, yule mwalimu mkuu, Ma Koku..."

"Na wasiomeza?"

"Wavuvi. Wakaanga mapanki. Wale wa kutoka ng'ambo."

"Meneja ana mke wa kumtilia dawa na gari la kumleta. Huyu wa ng'ambo anasubiri kivuko Kamanga, anafika chupa imekauka tangu mwezi uliopita. Wewe umelinganisha kidonge na nini hapo?"

Wanangu, hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu wenu. Mtu akikwambia wanaomeza kitu fulani macho yao ni mazuri, muulize hao ni akina nani, wanakula nini, nani anawashika mkono. Huenda ni kidonge. Huenda ni gari.

Bwire alikuwa hajamaliza. "Na kaniki ya Ma Koku inasemaje?"

"Presha yake ni nzuri, Dakta."

"Nimekuuliza kaniki."

Kaniki nilikuwa sijampima karibu mwaka. Kipimo kile kinakula nusu saa, benchi linangoja, na mtu mwenye presha nzuri nilimwona amepona. Kliniki iliyofuata nikamkalisha. Nikauleta ushanga kutoka upande wa pua, nikasubiri aseme. Akanyamaza. Nikauleta zaidi. Akanyamaza. Niliposikia "nimeona," mkono wangu ulikuwa karibu kugusa kifungo. Nilipomaliza kuzunguka, pini zote zilikuwa zimesogea ndani kama watu wanaoota moto. Nikajaribu lile doa nikiomba Mungu awe ananidanganya, awe anatembeza jicho. Ushanga ukapotea pale pale unapotakiwa kupotea. Ma Koku alikuwa mkweli kwa kifungo kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Juzi nilikosa ubao," akaniambia kwa sauti ya chini akifungua kitambaa cha jicho. "Niliingia majini mpaka kiunoni. Nikasema ni uzee."

Presha yake siku hiyo ilikuwa nzuri. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama: presha nzuri, ramani inaliwa. Bwire aliisikiliza habari yote, akafungua kabati, akanipa kipimo na chupa ya ganzi. "Nenda kwake siku ambayo hakungojei."

Nilikwenda Jumanne saa nne asubuhi. Mwaloni wakati huo ni kelele tupu, wapagazi wanapiga mbinja wapishwe, dagaa wamemwagwa juani mpaka unakosa pa kukanyaga. Nikamkuta kwenye stoo yake. Akaniamkia kwa mshangao, "Sista! Nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, nataka kukupima. Hakukuwa na kitanda, nikamlaza juu ya magunia ya dagaa, nikamwambia atazame kidole gumba. Sindano ilitikisika kidogo ikabaki pale pale. Nikarudia. Nikachukua kidole changu, nikabonyeza kope lake lililofumbwa. Kidude na kidole vilisema jambo moja. Jicho lilikuwa gumu.

"Chupa yako iko wapi, Ma?"

Akaitoa kwenye kipochi, imefungwa vizuri kwenye leso. Niliinua kwenye mwanga. Chupa ile, kwa jicho moja asubuhi na jioni, haifiki miezi miwili. Nilikuwa nimempa zaidi ya miezi mitatu iliyopita, na bado dawa ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Unatia lini?"

"Siku ya kliniki," akajibu bila wasiwasi wowote. "Naamka, naoga, nafunga kitenge kizuri, natia matone mawili, matatu kabisa. Kuja kwenu bila kutia si sawa na kupokea komunio bila kuungama? Tena ulishaniaibisha mara moja mbele ya watu. Nikasema sitakuja tena mchafu."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nameza vidonge. Si wewe uliyesema vimenisaidia? Nikasema basi matone niyatunze." Akaona uso wangu umebadilika, akaongeza kunielimisha: "Hii presha si mafuta? Sangara akinona, hata jicho lake ukilibana linatoa mafuta. Vidonge vinayayeyusha."

Nilikaa kwenye gunia. Vidonge na kukaripiwa vilikuja mwezi mmoja, nami nikavipa vidonge sifa. Kilichoshusha presha ya siku ya kliniki ni matone ya aibu, na aibu niliitia mimi. Halafu kwa mdomo huo huo nikampa ruhusa ya kuyaacha siku zilizobaki. Kile kipande cha ramani kilichokwenda mwaka ule, mimi nilikuwa na mkono ndani yake. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiitaja nasikia joto masikioni.

Enzi zetu nesi hakumwomba mgonjwa msamaha. Nesi alisema na mgonjwa akasikia. Nikamwambia, "Ma, nimekukosea. Nilisema kitu nisichokijua. Vidonge ni vya damu na moyo wako, meza kama ulivyoandikiwa, usiache. Lakini kama vinasaidia jicho, sijui. Wala Dakta hajui. Matone tunajua."

Akanitazama kwa jicho lake lile moja. "Bojo, Sista," akasema kwa Kihaya cha kubembeleza, "inuka hapo, utarudi hospitali unanuka dagaa."

Nikainuka, na tukapanga. Mkatoliki wa Bukoba hasahau sala ya Malaika wa Bwana: kengele ya kanisa inalia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na popote alipo anasimama. Nikamwambia asubuhi na jioni, kengele ikilia atie tone moja, afumbe jicho, abonyeze kidole kwenye kona ya ndani karibu na pua, na asikitoe mpaka amalize sala yote. Ile kona ina tundu la kupeleka machozi puani, na usipoiziba, nusu ya dawa unaimeza. Nilimpima kwa saa yangu ya mkononi akisali: dakika mbili na sekunde chache, kama kitabu kinavyotaka. "Na ya saa sita?" akauliza. Nikamwambia ya saa sita ni ya Mungu peke yake.

Nikiwa njiani kurudi nililia, na watu wa Kirumba waliniona na sare yangu.

Kutoka siku ile nilibadilisha kazi. Sikumfokea tena mgonjwa mbele ya benchi, kwa sababu ukimfokea anajifunza kukuficha, hajifunzi kutia dawa. Nikaacha kuuliza "unatia dawa?", maana jibu lake ni "ndiyo, Sista" hata kwa mtu aliyeuza chupa. Nikawa nauliza, "Wiki hii umekosa mara ngapi? Mimi ya kwangu ya mgongo nimekosa mbili." Hapo mtu anacheka, anasema ukweli. Nikaomba kila mtu aje na chupa yake niiinue kwenye mwanga. Wafugaji niliwaambia watie wakati wa kukamua, wakikamua ng'ombe watie jicho. Waislamu alfajiri na magharibi. Walutheri walinisumbua kidogo, mpaka tukakubaliana na taarifa ya habari ya redio. Na kila mwezi nilichagua watu wachache nikawaita siku ambayo si yao. Hakuna aliyenifundisha hayo, na sijayaona kwenye kitabu. Niliyaokota Mwaloni juu ya gunia, na naona fahari kuwaachia.

Kaniki nayo sikuiruka tena, hata benchi lipige kelele. Lile daftari langu la ugunduzi Bwire hakulitupa. Aliandika kwenye jalada kwa mwandiko wake wa kubana: "Swali zuri. Jibu bado." Akaliweka kabatini pamoja na vitabu vyake. Kwa hiyo mkisikia mabingwa wa leo wanabishana juu ya vidonge na presha ya macho, wanaposema wameona hiki na wengine hawajakiona, msiwacheke. Waulizeni tu kama Bwire alivyoniuliza, na mgonjwa wenu asiache matone wakati wakubwa wanaendelea kubishana.

Ilipita miaka. Ma Koku alikuja siku zake zote, nami nikimshtukiza mara kwa mara, na presha ilikuwa inakwenda vizuri. Lakini moyo wangu haukutulia kwake. Kila nilipomwona amevaa kitenge kizuri nilijiuliza kama naona jicho lake au naona siku ya kliniki.

Halafu Ijumaa moja, siku ambayo kliniki ya presha haipo, nilikuwa peke yangu nakunja pamba. Mlango ukasukumwa bila hodi. Ma Koku, na ndala, kitenge cha kazi kimejaa magamba, mikono inanuka ziwa, jasho usoni. Hakuniamkia hata.

"Leo si siku yangu na hukuniita," akasema. "Sijaoga. Nimeshuka kwenye ubao sasa hivi. Nipime."

Nikamlaza. Sindano ikaenda mbali, ikatulia. Nikamkalisha mbele ya kaniki, nikamziba jicho lililokufa, nikaanza kuzunguka. "Nimeona." Pini. "Nimeona." Pini. Nilipomaliza nilitoa karatasi ya siku ile mbaya, nikaiweka kando ya ukuta, nikapima pini moja moja kwa kidole. Zilikuwa pale pale. Hakuna hata upana wa ushanga uliokuwa umekwenda.

"Kile kipande cha mwaka ule?" akauliza.

"Hakirudi, Ma."

"Najua hakirudi. Nauliza kilichobaki."

"Kipo chote."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasogea mpaka mezani kwangu na kuweka kidole chake chenye gamba juu ya kadi yake ya kliniki.

"Basi andika tarehe ya leo kwa wino," akasema, "maana leo nimekuja kama nilivyo."